Njia Isiyopita Uani

Iviani, Machakos
7 Septemba 1997

Kwa Baba Musembi,

Salamu zikufikie huko Athi River kwenye vumbi la saruji. Mimi huku ni mzima, isipokuwa magoti, na habari za magoti yangu nadhani umezisikia. Ndila na mtoto hawajambo. Jana niliwaona kwa mbali wakianika mbaazi.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu. Tangu umwoe binti yangu hatujasemezana hata neno moja, na ndivyo inavyopasa mtu na mama mkwe wake. Tukikutana njiani wewe unaingia kichakani upande huu, mimi naingia upande ule, kila mtu na nthoni yake ya ukwe, na siku inaendelea. Nilimuuliza Mzee Mutiso kama barua inavunja nthoni, akasema karatasi haina macho. Hata hivyo nimeona niandike kwa Kiswahili nilichofundishwa kwenye ngumbaru, kwa sababu Kikamba kingekuwa kama kukutazama usoni. Ningeweza kumtuma Ndila, lakini mwanamke akiwekwa katikati ya mama yake na mume wake anakatwa pande zote mbili.

Jambo lenyewe ni njia. Mwezi uliopita ulipokuja nyumbani uliifunga ile njia yetu ya kuteremka barabarani, inayopita shambani kwako. Uliweka seng'enge juu na chini, ukajaza miiba katikati. Tangu siku hiyo watu wa kilima hiki wanakuja kwangu. Hawaendi kwa chifu wala kwako, wanakuja kwa Kalunde, kwa kuwa aliyefunga njia ni mkwe wa Kalunde. Kamanthe jirani yangu anakuja asubuhi na jioni, na chai yangu inaisha.

Nao hawajafungiwa kabisa. Uliwaachia nafasi wapite uani kwako, kati ya nyumba na ghala, watokee langoni. Wanapita, wanamsalimu Ndila, wanapewa maji ya kunywa. Wanachonung'unikia ni kwamba mtu hapendi kupita kwa watu kila siku na mizigo yake, aonekane amenunua nini na hakununua nini.

Lakini kuna mtu mmoja tu hapa juu ambaye hawezi kupita uani kwako hata kwa dakika moja, na mtu huyo unamjua. Kwangu mimi njia imefungwa kweli. Kanisa liko chini, dispensari ninapochukua dawa ya presha iko chini, soko liko chini. Nikitaka kwenda inabidi nizunguke kwa kule shuleni, nipande kilima kingine ndipo niteremke. Jumapili mbili sijaenda kanisani. Nakuomba ufungue njia.

Barua hii Kamanthe ataipeleka dukani kwa Elmi, tunakotumia sanduku lake la posta. Ukijibu, jibu kupitia huko huko.

Ni mimi,
Mama mkwe wako


Athi River
28 Septemba 1997

Kwa Mama,

Pokea salamu zangu za heshima. Barua yako niliipata Ijumaa baada ya zamu. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaona si vizuri, nikaketi, nikaisoma tena. Mimi ni mzima. Kifua kinakohoa kidogo kwa hii saruji lakini hakinizuii kazi. Pole kwa magoti.

Mama, sikuifunga njia kwa ubaya. Naomba unisikilize. Ile si njia tena, ni korongo. Zamani mtu na ng'ombe wake walipishana pale bila kugusana. Sasa ukishuka chini mtu aliye shambani anaona kofia yako tu. Mwezi wa nne ndama wangu alitumbukia akavunjika mguu, ikabidi achinjwe. Kila mvua ikinyesha, korongo linakula shamba langu pande zote mbili. Matuta ambayo marehemu baba yangu alichimba kwa jembe, yale yanayoitwa fanya juu, moja baada ya jingine, yameanza kukatika kwenye ncha zake. Nikiliacha miaka mitano, Musembi hatakuwa na shamba, atakuwa na bonde. Nilifunga ili nyasi ziote, udongo ushike.

Na tena, Mama, maji hayo hayatoki mbinguni yakaangukia njiani peke yake. Yanatoka huko juu. Mtaro wa Mzee Mutiso unamwagia njiani. Mtaro wa Kamanthe unamwagia njiani. Hata ule mtaro wa marehemu mzee wako, naomba radhi kumtaja, mdomo wake uko njiani. Kila mtu anakinga shamba lake kwa kupeleka maji kwenye njia, kwa sababu njia si ya mtu. Halafu maji yakifika kwangu nakuwa mimi ndiye mwenye roho mbaya.

Juu ya kupita uani, nakubali kwamba nilikosea. Nilipokuwa nikipiga vigingi niliwaza majirani wote, mmoja mmoja, nikakusahau wewe kwa kuwa nimezoea kutokukuwaza karibu na mlango wangu. Lakini nina dawa. Wengine siku hizi wanaondoa nthoni. Mtu anampelekea mama mkwe mbuzi na blanketi, wazee wanakaa, wanakula, na baada ya hapo mnaonana, mnasalimiana, mnaingia nyumbani kwa kila mmoja. Nikija Desemba nitaleta mbuzi mzuri na blanketi zito. Kisha utapita uani kwangu kama mama yangu aliyenizaa, na ukichoka utaketi.

Nisalimie wote huko juu, hata wanaonilaani.

Mkweo,
Baba Musembi


Iviani
12 Oktoba 1997

Kwa Baba Musembi,

Nimefurahi kusikia u mzima. Kwa kikohozi, chemsha majani ya mkaratusi, uvute mvuke ukiwa umejifunika. Sisi hatujambo. Mvua imeanza mapema na haina mzaha. Redio inaiita El Nino.

Barua yako ni ya mtu mwenye adabu na nimeisoma mara nyingi. Kuhusu mitaro umesema kweli, nami niliposoma nilikasirika kwanza, halafu nikaenda kuangalia. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia Kamanthe, akasema mtaro wake ni mdogo. Nilimwambia Mutiso, akasema maji yalikuwa yakipita hapo hata kabla hatujazaliwa.

Lakini mbuzi wako na blanketi lako nimekataa. Tafadhali usione vibaya mpaka umalize kusoma.

Marehemu mume wangu na mama yangu mzazi waliheshimiana maisha yao yote. Hakuna aliyeijua sura ya mwenzake vizuri. Mama yangu akisikia kikohozi cha mume wangu anageukia ukuta. Lakini mwaka wa njaa ile ya kuuza ng'ombe, mume wangu alikuwa akitoka alfajiri na kuacha gunia la mahindi kwenye mti karibu na boma la mama yangu, naye mama anatoka baadaye kulichukua. Hawakuambiana asante. Mama yangu alipokufa, mume wangu alilia kuliko kaka zangu. Kwangu mimi nthoni ndiyo hiyo. Ninyi vijana mnadhani ni ukuta mnaoweza kuubomoa kwa mbuzi. Mimi nimeishi ndani yake kama mtu anavyoishi ndani ya nyumba, na sitaivunja nyumba kwa sababu ya korongo.

La pili. Ukiniruhusu mimi na wengine kupita uani kwako, hiyo ni njia ya wema wako, na wema una mwenyewe. Siku ukikasirika unafunga lango. Siku ukiuza, atakayenunua anafunga lango. Ile ya zamani haikuwa ya wema wa mtu. Nilipoletwa hapa nikiwa bibi harusi nilipita pale, na sikumwambia mtu yeyote asante. Nataka wajukuu zangu wapite hivyo hivyo.

Mgombea mmoja wa udiwani alikuja juzi akasimama pembeni ya korongo na mwavuli, akaahidi kuleta tingatinga baada ya uchaguzi. Watu walipiga makofi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila nadhani hawakuwahi kungojea tingatinga la diwani.

Fungua njia, nasi wa juu tutatafuta la kufanya na maji.

Ni mimi,
Mama mkwe wako


Iviani
16 Novemba 1997

Kwa Baba Musembi,

Natumaini u salama. Sijapata jibu lako. Kamanthe anasema duka la Elmi halijapata mfuko wa posta kwa muda kwa sababu barabara imekatika, kwa hiyo sitaki kuwaza vibaya.

Nakuandikia ili usisikie kwa wengine kwanza. Jumatatu watu wa juu walishikwa na hasira wakaenda kukata seng'enge yako. Walikuwa wamelowa, wametukanana wao kwa wao, na mtu mmoja alikuwa ameteleza uani kwako na debe la mafuta ya taa. Mutiso ndiye alikuwa na koleo. Waliikata ya juu, wakaondoa miiba, kisha wakasimama. Njia haikuwepo. Mvua ilikuwa imeichukua yote. Kulikuwa na shimo jekundu linalonguruma maji, na ng'ambo kipande cha ardhi kama mkate uliomegwa. Hakuna pa kukanyaga hata kwa mbuzi. Walikaa hapo na hasira yao wasijue wampe nani. Mwishowe Mutiso alirudisha waya akaufunga kwa kamba ya mkonge, mtoto asije akaanguka.

Nilikuwepo. Nilisimama mbali na sikusema neno, na sasa naona aibu kwamba sikusema.

Tangu mvua izidi, hii ni Jumapili ya tano sijafika kanisani. Kule kuzunguka shuleni matope yanafika magotini. Dawa ninazo kidogo.

Ni mimi,
Mama mkwe wako


Athi River
30 Novemba 1997

Kwa Mama,

Salamu. Mimi ni mzima.

Barua zako mbili nilizipata siku moja, ya kukataa mbuzi na ya kukata waya. Nilizisoma kwa mpangilio huo. Ndila alikuwa ameshaniletea habari kwa mtu aliyekuja kazini.

Mama, sitakuficha. Nimeumia. Nilileta heshima yangu ikarudishwa, kisha watu wakaja shambani kwangu na koleo wewe ukiwatazama. Kama walitaka kuona njia haipo, wangeniuliza, ningewaambia.

Njia itabaki imefungwa. Uani kwangu kuko wazi kwa anayetaka.

Salimia wote.

Mkweo,
Baba Musembi


Iviani
25 Januari 1998

Kwa Mama, hospitalini Machakos,

Mama, pokea salamu zangu. Ndila ataileta barua hii na uji. Anasema jana uliketi ukala na ukamgombeza muuguzi, nasi tukafurahi sana, kwa sababu tunajua ukianza kugomba umepona.

Sijarudi kazini. Nimeomba siku kwa msimamizi. Tangu Jumatano ile ulipobebwa nimetaka kukuandikia na kila nikishika kalamu naona uso wako, nami sikupaswa kuuona. Naandika ili ujue yaliyonipata, kwa kuwa wewe ulikuwa umefunikwa na wengine wanasimulia wanavyopenda.

Asubuhi ile, nikiwa nimekuja nyumbani kuvuna, nilikuwa nikipakua mahindi uani. Kamanthe alikuja akikimbia, bila kiatu kimoja, akaniambia wanampitisha mama mkwe wako hapa, ondoka. Sikuuliza wanampitisha vipi wala kwa nini. Niliruka nikaingia ghalani nikafunga mlango, nikaketi juu ya magunia nikiangalia ukuta, kama mtu mwenye adabu. Baadaye nimeambiwa kwamba presha ilikuangusha jikoni kwako, kwamba dawa zilikuwa zimeisha kabla ya Krismasi, na kwamba hata ukiwa hujiwezi ulikataa kupitishwa kwangu mpaka walipokubali kukufunika gubigubi kwa blanketi, kichwa na miguu, ili usione boma la mkweo na boma la mkweo lisikuone.

Hayo mimi sikuyajua, na Ndila hakuyajua. Alikuwa nyuma ya nyumba akikata majani ya ng'ombe. Alipozunguka kona aliona wanaume wanne wamebeba machela, na juu yake mtu amefunikwa hadi usoni, na nyuma yake Kamanthe analia kwa kuchoka. Mama, unajua mtu hufunikwa hivyo lini. Ndila alipiga ukemi ambao sijawahi kuusikia kwake. Majirani wa chini waliusikia, wakaacha kazi. Wanawake wawili walikuwa tayari njiani na kuni za matanga.

Nami ghalani nikajua umekufa.

Nataka nikueleze nilichokiwaza, hata kama ni aibu. Niliwaza kwamba umekufa kwa kukosa njia ya kuendea dawa, na kwamba njia hiyo niliifunga mimi kwa mikono yangu, na barua ya mwisho niliyokuandikia haikuuliza hata habari ya magoti. Kisha nikawaza kwamba aliyekufa hawekewi nthoni, kwa hiyo sasa naweza kukuona. Nikafungua mlango nikatoka. Walikuwa wameteremsha machela katikati ya ua. Nikapiga magoti, nikaweka mkono juu ya blanketi, nikasema kwa Kikamba maneno ambayo sitayaandika hapa.

Ndipo blanketi likafunguka.

Ulikuwa umekonda, Mama. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Nadhani wewe uliona mtu mzima mwenye pumba za mahindi kichwani analia. Kisha ukasema, nami nimekuwa nikiyasikia maneno hayo tangu siku ile, "Bado sijafa. Geuka, kisha ushike machela."

Niligeuka. Mmoja wa wale wanaume alinipisha mbele, nikashika miti miwili nikiwa nimekupa mgongo, tukatoka langoni. Kutoka uani mpaka dispensari sikugeuza shingo, hata uliposema mnaniyumbisha. Walipokupakia kwenye gari la kwenda Machakos nilikuwa nimeangalia ukuta wa dispensari, na mpaka leo najua kila bango lililobandikwa pale.

Nimevunja nthoni, Mama. Sikuiondoa kwa mbuzi mbele ya wazee, nimeivunja kama mtu anavyovunja chungu cha watu. Niambie la kufanya nami nitalifanya.

Mkweo,
Baba Musembi


Mwala, kwa dada yangu Kavutha
22 Februari 1998

Kwa Baba Musembi,

Salamu kutoka Mwala. Nimetoka hospitalini, nami niko hapa kwa dada yangu mpaka nipate nguvu. Kavutha ananilisha kama anayetaka kuniuza mnadani. Natumaini umerudi kazini na kikohozi kimekwisha.

Kwanza, acha kujitesa. Niliangushwa na presha na ukaidi wangu. Kamanthe alijitolea kuniletea dawa mara nyingi, nami nikamwambia nitakwenda mwenyewe njia ikifunguliwa. Nilitaka njia inione nikiteseka, kumbe njia haina habari na mtu. Hata hivyo siwezi kusema kwamba huna deni lolote. Ulifunga mlango ukasahau mtu nje, nami nilikuwa mtu huyo, na niliona uchungu.

Pili, uliyoyasema ulipopiga magoti niliyasikia. Sitayaandika pia. Ila nilikuwa na sababu ya kufungua blanketi, nayo si ukemi wa Ndila.

Sasa kuhusu nthoni. Nimekaa hapa na dada yangu na wazee wawili wa ukoo, nimewaeleza yote, wakacheka mpaka nikataka kuondoka. Wamesema kilichovunjika bila kukusudia hurudishwa, na kurudisha kunataka mbuzi. Kwa hiyo mbuzi utatoa, Baba Musembi, ila usije ukafikiri umeshinda. Huyu haondoi nthoni, anairudisha mahali pake.

Nami mbuzi huyo sitamla peke yangu. Nataka achinjiwe pale kwenye korongo, siku ya mwethya wa kazi za pamoja, wakila wale watakaofanya kazi. Mkono mtupu haulambwi, na watu wa kilima kile nawajua, wakisikia supu wanakumbuka umoja. Mwambie Kamanthe awaite. Mtaro wa kwanza kugeuzwa uwe wa marehemu mume wangu. Upelekeni kwenye migomba yangu, nayo imelia kiu miaka mingi huku maji yakienda kubomoa kwako. Wa kwangu ukigeuzwa, Mutiso atabaki na mdomo wake.

Mimi nitarudi nyumbani njia ikiwepo. Isipokuwepo nitakaa hapa Mwala nizeeke kwa Kavutha, naye ananikoromea usiku kucha. Sisemi kwa kukutisha. Nimechoka kuzunguka, na uani kwako nimeshapita mara moja, inatosha.

Ni mimi,
Mama mkwe wako


Iviani
19 Aprili 1998

Kwa Mama, Mwala,

Salamu za heshima kwako na kwa mama Kavutha. Sisi wote hatujambo. Nimechukua likizo yangu ya mwaka yote mara moja, na mikono yangu imekuwa migumu kuliko ya kazini.

Mbuzi nilimnunua kwa Elmi, anayefanya biashara ya mifugo kando ya duka. Aliniuliza ni wa sherehe gani, nikamwambia ni wa mama mkwe, akasema basi chukua huyu, kwa mama mkwe mtu hapeleki mbuzi mwembamba. Halafu akaongeza sukari na majani ya chai kwa ajili ya wafanyakazi, kwa sababu, alisema, watu wa juu wakipata njia na duka lake linapata njia.

Siku ya kwanza watu walikuja wachache, wakisimama na majembe begani kama wageni. Hatukuanza na korongo. Tulipanda kwako tukageuza mtaro wa marehemu mzee, na maji yalipoingia kwenye migomba Kamanthe alitazama kwa muda, akaenda kwake akaanza kugeuza wa kwake. Mutiso alikaa juu ya jiwe akitushauri. Supu ilipoiva, mama aliyekuwa akigawa alimruka na bakuli, akaenda kwa aliyefuata. Akadhani amesahauliwa, akanyoosha mkono, akarukwa tena. Mwethya hauna watazamaji, Mama, hilo unalijua. Alivua koti akaomba jembe, na kusema kweli mtaro wake ndio uliochimbwa vizuri kuliko yote.

Kule korongoni tumejenga vizuizi vya mawe vinavyoshuka kama ngazi, na nyuma ya kila kimoja mchanga umeanza kujaa. Halitakuwa njia tena, hilo tulikubaliana. Litakuwa mahali pa nyasi na matete.

Njia mpya nimeitoa shambani kwangu, kando ya korongo, kutoka mpaka wangu wa juu hadi barabarani. Haiko karibu na uani hata kidogo. Tulimwita naibu wa chifu na wazee, tukapanda mkonge pande zote mbili, nami nikasema mbele yao kwamba kipande hicho si changu tena wala si cha Musembi. Nilikata safu kadhaa za kahawa ya baba yangu. Sitasema haikuniuma. Nilipomaliza nilikaa peke yangu kidogo. Kisha mtoto wa watu akapita pale akienda dukani, akiimba, wala hakunisalimu, na nikakumbuka ulichoandika kuhusu kutomwambia mtu asante.

Njia ipo, Mama. Rudi nyumbani.

Mkweo,
Baba Musembi


Iviani
17 Mei 1998

Kwa Baba Musembi,

Salamu zangu zikukute vizuri. Mimi ni mzima, presha imetulia na magoti yanalalamika kwa sauti ya chini. Nilirudi Alhamisi. Sikukuambia siku, kwa kuwa nilitaka kuiona njia kabla haijajiandaa.

Nimeipanda nikitoka barabarani, polepole, nikigusa mkonge upande huu na upande ule. Ni njia nzuri. Haitelezi. Kule juu migomba yangu imenenepa mpaka naona aibu.

Kamanthe alinipokea na malalamiko, bila hayo nisingemjua. Alisema kazi yote ilikwenda sawa ila wewe ulikataza watu kufyeka vichaka vya mbarika pale kwenye kona, pande zote mbili. Kila mtu alikuambia vitaleta nyoka. Mutiso alikuwa ameshainua panga, ukamshika mkono. Hukutoa sababu. Kamanthe ananiuliza mkwe wako ana nini na mbarika. Nilimwambia sijui, nikamimina chai.

Leo Jumapili nimeshuka kwenda kanisani. Sikujua kwamba umekuja mwisho wa wiki. Nilipokaribia ile kona nilisikia kikohozi, na kabla sijawaza miguu yangu ilikuwa imeshaingia kichakani upande wa kulia. Nikageuka nikaangalia majani. Nikasikia upande wa kushoto mtu naye anaingia, na shati likishikwa na kitu, na mtu huyo akinyamaza kwa adabu. Tulikaa hivyo kidogo, kila mmoja akimngoja mwenzake apite kwanza. Nilianza kucheka nikajiziba mdomo, kisha machozi yakanitoka, sijui ya nini. Miezi mingi sikuwa na njia, wala mtu wa kumpisha njiani.

Sikukuona, Baba Musembi. Ila nimefurahi kwamba umenenepa.

Barua hii usiijibu. Ukiwa na neno mpe Ndila, atapanda nalo jioni akija kuniona.

Ni mimi,
Mama mkwe wako